Wavivu Ninyi, Wavivu
Somo: Kutoka 5:1–23

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Musa aliomba ruhusa ya mwendo wa siku tatu, watu wakamwabudu Mungu jangwani. Jibu la Farao: "Wavivu ninyi, wavivu, kwa hiyo mwasema, Twende tukamtolee Bwana dhabihu." Majani ya kufyatulia matofali yakaondolewa, hesabu ya matofali ikabaki ile ile.

Kuba walilijua jibu hilo kuanzia Novemba 1965. Vijana waliitwa jeshini kama wenzao, ila hawa serikali ya Fidel Castro haikuwaamini na bunduki. Walipelekwa mkoa wa Camagüey wakapewa mapanga. Kwa jina vilikuwa vikosi vya kijeshi vya kusaidia uzalishaji, UMAP kwa kifupi. Kwa vitendo zilikuwa kambi za kukata miwa, zimezungushiwa seng'enge. Aliyewahi kukata miwa anajua majani yake yanavyochanja mikono. Humo waliwekwa mapadre, wachungaji wa Kibaptisti, Waadventista, mashoga, na vijana walioonekana wazururaji. Mashahidi wa Yehova waligoma hata kuvaa sare, wakateswa kwa ajili hiyo.

Mwishoni mwa sura yetu Musa anamlalamikia Mungu waziwazi: watu wanateswa zaidi, na Wewe hukuwaponya kabisa. Wala hakemewi. Sisi tulio wepesi kumwambia aliyeumia kwamba "Mungu ana makusudi yake" tuisome mistari hiyo polepole.

Padre Jaime Ortega alipelekwa kambini 1966, miaka miwili tu baada ya kupewa upadre. Kambi zilifungwa 1968. Mwaka 2010, akiwa Kardinali wa Havana, aliketi na Rais Raúl Castro, mdogo wake Fidel, kuwaombea wafungwa wa kisiasa waliokamatwa 2003, ambao wake zao waliandamana kila Jumapili baada ya Misa wakiwa wamevaa nguo nyeupe. Raúl ndiye aliyekuwa waziri wa majeshi wakati wa kambi zile. Sijui ningekaa vipi kwenye kiti hicho. Pengine ningeanza na madai yangu mwenyewe. Ortega alikwenda na ya wengine.

Wapo waliomlaumu kwa upole wake, na hoja wanayo: wengi wa walioachiliwa walipandishwa ndege moja kwa moja hadi Hispania. Wachache walikataa kuihama nchi yao. Wengi wa hao walisubiri gerezani hadi mwaka uliofuata, wakafunguliwa wakiwa Kuba.