Baridi ya Julai, Bunyonyi

Sisi tuliokulia Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kiangazi tunakijua kwa jua lake. Januari na Februari bati la nyumba haligusiki, na jioni watu hutandika mikeka uani ili wapate upepo. Kaka yangu alipopiga simu, Julai ya 2011, kwamba mkewe amejifungua kwao Bunyonyi, mama hakuuliza jua wala mvua. Alinifungia mablanketi mawili mazito. Aliwahi kukaa Mbarara na alijua kiangazi cha nyanda za kusini-magharibi kina tabia yake.

Ziwa Bunyonyi liko mita zipatazo 1,960 juu ya usawa wa bahari, karibu na Kabale, limebanwa na vilima vilivyolimwa matuta hadi ukingoni mwa maji. Nilifika alasiri. Watu walikuwa wamevaa mashati mepesi, watoto wanaogelea, na mimi mwenyewe nilivua sweta. Jua lilipozama nyuma ya kilima, joto liliondoka hapo hapo. Kufikia saa mbili usiku tulikuwa tumeizunguka sigiri, kila mmoja na kikombe cha obushera moto, uji wa mtama wa huko.

Mtoto alikuwa amezaliwa kabla ya miezi kutimia, hajafika kilo mbili na nusu. Zahanati ya upande ule ilikuwa imeandika apelekwe Kabale akaangaliwe zaidi. Kaka alitaka tuvuke alfajiri, tuwahi gari Rutinda, ng'ambo ya ziwa. Mzee mwenye mtumbwi, aliyejifunza Kiswahili ujanani kwenye migodi ya shaba ya Kilembe, alikataa katakata.

"Bwana mkwe, huyu hapiti majini kabla ya saa nne."

Kaka alibishana naye kidogo, kwa heshima, maana alikuwa upande wa wakwe. Mimi nilitoka nje saa kumi na mbili kujionea. Ziwa halikuonekana. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, mzito, hata kafi lililoegemezwa kwenye mtumbwi lilikuwa linachuruzika. Nyasi zilinilowesha hadi magotini, vidole vikakataa kukunjika. Mzee alikuwa amekaa kwenye gogo la mkaratusi, amejifunika koti la zamani.

"Binti, huku usiulize mwezi gani una joto," aliniambia. "Mchana ni ule ule mwaka mzima. Uliza usiku."

Alinieleza vizuri, na baadaye nilivyosoma niliona hakukosea. Tuko nyuzi moja na kitu tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua halitubagui sana: mchana nyuzi 23 hadi 25, iwe Januari au Agosti. Tofauti inaletwa na mawingu. Mvua za Machi hadi Mei, na zile za Septemba hadi Novemba, hufunika vilima kama blanketi, na joto la ardhi halipotei usiku. Juni na Julai mbingu ni wazi. Ardhi inaachia joto lake lote angani, hewa baridi inateremka matutani na kujaa bondeni, na alfajiri kipimo hushuka hadi nyuzi 10, pengine chini yake. Maji yenyewe hayapoi haraka hivyo. Mvuke wake ukikutana na hewa ile ndipo ukungu unapotokea.

Kwa mtu mzima hiyo ni baridi ya kuvumilia. Kwa kichanga cha kilo mbili, ambaye hana mafuta ya kutosha mwilini na hajui hata kutetemeka, ni hatari kubwa. Nilirudi ndani nikamwambia kaka tusubiri, na wifi akashusha pumzi.

Tulivuka ukungu ulipokwisha. Mtoto alikuwa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, kofia ya sufu kichwani, blanketi la mama likiwazunguka wote wawili. Jua lilikuwa linachoma shingo. Mzee alipiga kafi polepole makusudi, upepo usitupige usoni.

Kabale muuguzi alimweka kipimajoto kwapani: nyuzi 36.8. Akauliza tumevuka saa ngapi, kisha akamwagiza wifi aendelee kumlaza kifuani kila usiku mpaka mawingu ya Septemba yarudi, hata kama mchana anamwona anatoka jasho. Kaka aliomba aandikiwe kwenye karatasi, ili mama mkwe naye asomewe.