Kilichooza Kilikuwa Pete ya Sponji Tu

Fundi wa Kondele, hapa Kisumu, alibonyeza koni ya spika kwa kidole gumba, sponji ikamwagika mezani kama majivu. "Boss, hizi zimeenda. Toa, nikuwekee spika za matatu, mpya kabisa." Sikumlaumu. Spika zilikuwa zimelala stoo nyumbani Mamboleo miaka mingi, mama akipanga debe za mahindi juu yake, na mchwa walishaanza kuonja kona ya boksi moja.

Ni zile Advent kubwa alizobuni Henry Kloss kule Cambridge, Massachusetts, zikaingia sokoni mwaka 1969. Marehemu baba alizinunua kwa mwalimu Mmarekani aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Twita yake, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ina kuba dogo katikati na duara bapa pembeni, na sisi watoto tuliiita mayai macho. Nikiwa mtu mzima ndipo nikajua kwamba Wamarekani nao huifananisha na yai la kukaanga.

Nilikataa za matatu kwa sababu moja. Boksi hizi zimezibwa pande zote, hazina tundu la kupumulia. Hewa iliyofungiwa ndani ndiyo springi inayoirudisha koni, na kwa hiyo wufa yenyewe, ile spika kubwa ya besi, iliachwa laini makusudi. Wazo lilikuwa la Edgar Villchur, ambaye mwaka 1954 alianzisha Acoustic Research pamoja na huyo huyo Kloss. Ukiweka humo wufa iliyotengenezewa boksi lingine, utapata kishindo, lakini gitaa la besi la benga hulisikii linasema nini. Tena mita ya umeme ilisoma ukinzani wa karibu omu 6 kwenye kila wufa, ndivyo inavyotakiwa kwa spika inayoitwa ya omu 8. Koili, yaani waya uliozungushwa unaoisukuma koni, zilikuwa nzima, na koni za karatasi hazikuwa na ufa. Kilichokufa ni ile pete ya sponji inayoishika koni pembeni. Sponji ya aina ile huoza hata spika isipopigwa, na joto letu la kando ya ziwa, pamoja na unyevu wake, haviisaidii.

Pete niliagiza nje. Za kwanza hazikuingia kwa sababu nilipima fremu nikasahau kupima koni. Pesa zikaenda, nikangoja upya.

Kazi iliyonila ni kubandua gundi ya zamani. Nilinunua spiriti ya vidonda kwenye duka la dawa, pamba za masikio na kisu butu cha mezani. Unalowesha kidogo, unangoja, unakwangua kwa ulalo, unapumzika. Ukizidisha spiriti karatasi inalainika, na koni ikichanika umeyataka mwenyewe. Wufa moja ilinichukua Jumamosi nzima. Mama alipita mara tatu, ya tatu akauliza, "Mwanangu, hicho kitu kinakulipa?"

Kabla ya kutoa mabaki, angalia pete ya zamani ilikaa juu ya koni au chini yake, uirudishie pale pale. Mimi nilitumia gundi nyeupe ya maseremala, ile inayokauka polepole, maana superglue haikupi nafasi ya kujirekebisha. Kwanza nilibandika pete kwenye koni, nikaiacha usiku kucha. Kesho yake ndipo nikaibandika kwenye fremu, na hapo roho hukaa mkononi, kwa sababu koili inacheza ndani ya mwanya mwembamba wa sumaku, na ikielemea upande mmoja itakwaruza milele. Gundi ikiwa bado mbichi nilicheza kutoka kwenye simu, kupitia amplifaya, sauti ya mitetemo 30 kwa sekunde, chini sana, koni ikawa inapumua. Nikaisogeza pete taratibu hadi mkwaruzo ukaisha, halafu nikaibana kwa vibanio vya nguo pande zote.

Kupitia tundu la wufa nilifika kwenye krosova, saketi inayogawa besi iende kwa wufa na sauti nyembamba kwa twita. Vaa glavu, manyoya ya kioo yaliyojazwa ndani yanawasha kuliko upupu. Kapasita zake, vile vipande vinavyohifadhi chaji, zilikuwa zimepoteza kipimo chake. Madukani mjini nilipata zenye chanya na hasi tu, na spika inataka zisizo na upande. Basi nilichukua mbili zinazolingana, kila moja yenye maikrofaradi mara mbili ya ninazotaka, nikaziunga hasi kwa hasi. Zikiungwa hivyo thamani inarudi nusu, na mkondo unapita pande zote mbili bila kuziharibu. Boksi nililipiga msasa, nikapaka dawa ya mchwa na mafuta, yakaisha.

Siku ya kuwasha nilikaa katikati ya sebule kama bwana harusi. Mlio mwembamba! Besi hakuna. Nikisogea karibu na spika moja inanguruma, nikirudi katikati inapotea. Nilianza kumkumbuka fundi wa Kondele na za matatu zake. Kumbe wakati wa kuchomelea nilibadilisha nyaya za wufa moja, ikawa hii ikisukuma hewa ile inavuta, zinafutana. Betri ya volti 1.5 ilinionyesha baada ya sekunde mbili: chanya kwenye nyekundu, koni itoke mbele. Moja ilitoka, nyingine ikaingia ndani. Ningefanya hivyo kabla ya kukaza skrubu, nisingezifungua tena saa nne za usiku.

Mama alitoka chumbani na leso begani, akasimama mlangoni bila kusema neno mpaka upande wa santuri ukaisha. Kisha akaniambia niigeuze.

Swichi ya nyuma inayoongeza na kupunguza sauti ya twita bado inakwaruza kwenye spika ya kushoto. Nimeiacha kwenye nafasi ya katikati.