Kikundi chetu cha watu wazima wenye ADHD na usonji, hivi ndo tunavyokiendesha

Mimi ni fundi cherehani hapa Dar, nina ADHD (ubongo unahangaika, kutulia kwenye jambo moja mpaka liishe ni shida) na nimekuja kujua ukubwani nikiwa tayari na watoto. Naandika kwa ajili ya yule aliyeambiwa na daktari kwamba ana ADHD au usonji (autism kwa Kiingereza, ubongo unapokea watu, kelele na mabadiliko kwa namna tofauti) na umri umeshaenda, katoka na karatasi yake hajui aanzie wapi, maana ukitaja usonji tu mtu anakuuliza mwanao ana miaka mingapi.

Daktari aliniuliza sana mambo ya utotoni, kwa sababu kwenye ADHD dalili zinatakiwa ziwe zimeanza kabla ya miaka 12, ikabidi nimpigie mama simu palepale na mama akaongea weee mpaka salio likaisha. Jibu nilipata na moyo ukatulia, ila magauni ya wateja yalikua yamekatwa, yamejaa kwenye mifuko, na mikono yangu haiendi.

Kikundi kilianza na mimi na kaka mmoja mwenye usonji tuliyekutana kwenye benchi la kliniki. Yeye ndo alisema dada, mimi kukaa naelezea hisia zangu siwezi, ila nikikaa karibu na mtu anayefanya kazi na mimi naifanya ya kwangu. Basi tukaanza hivyo hivyo. Jumamosi asubuhi uani kwa mwenzetu Tabata kila mtu anakuja na kitu kilichomshinda nyumbani, mimi nakuja na mapindo na vifungo vya kushona kwa mkono, mwingine na risiti za duka, mwingine na fomu ameikimbia wee mpaka imekunjamana. Unasema kwa sauti unachoenda kufanya, tunaweka taima ya simu dakika 25, kimya, ikilia tunakunywa chai tunaanza tena. Anayetaka kuzungukazunguka uani azunguke. Na hakuna wa kukuuliza kwa nini hukumaliza wiki iliyopita, hiyo kwetu ni sheria.

Kilichotusumbua kwelikweli ni kwamba wenye ADHD tunachelewa na tunaongea sana, wenye usonji wanataka muda ujulikane na kelele zisiwepo, hapo mwanzo nusura tuachane. Waliotusaidia ni wale wenye vyote viwili (mpaka 2013 vigezo vya madaktari wa Marekani vilikua haviruhusu mtu kuambiwa ana vyote viwili kwa pamoja, fikiria wangapi walipewa jibu nusu). Wao wakasema muda wa kuanza usibadilike hata siku moja, ila geti liachwe wazi na anayechelewa aingie akae mkeka wa karibu na geti bila kuomba radhi wala kusalimia watu wote. Waongeaji nao mkeka ni huohuo, barazani ni kimya. Na Alhamisi jioni tunatuma meseji nani anakuja, chai ni ya maziwa au ya rangi, tunamaliza saa ngapi.

Halafu kuna vibanio vya nguo. Cha kijani niongeleshe, cha njano waniongeleshe ninaowajua, chekundu niache mpaka nianze mwenyewe. Wazo hilo si letu, ni la wenye usonji wa Marekani, Autism Network International, walikua wanavaa beji za rangi kwenye mikutano yao ya Autreat iliyoanza 1996. Sisi tukachukua vibanio kwa sababu kila duka vipo na vinakaa hata kwenye pindo la mtandio. Kwa watu wetu hili ni kubwa jamani, maana huku salamu ndo utu wenyewe, habari za nyumbani, za watoto, za kazi, na asiyeweza kuuvumilia huo mlolongo anaitwa ana dharau. Tuna mzee mmoja mstaafu, shikamoo yake tunamtumia kwa meseji usiku wa Ijumaa, anajibu marahaba kwa wote, asubuhi anaingia ananyanyua mkono anakaa na redio yake ya kutengeneza. Mkewe alituambia sasa anatoka nyumbani bila kulazimishwa.

Mipaka tunayo. Dawa hatugawani hata kidonge kimoja, za ADHD nyingine ni za kudhibitiwa kisheria na hujui moyo wa mwenzio una ugonjwa gani. Mtu akisema amechoka kuishi hatuliweki kikao, wawili wanaongozana naye hospitali siku hiyohiyo. Ada hakuna, mwenye sukari analeta sukari.

Wanaofanya kazi Jumamosi wameanza ya kwao Jumatano usiku kwa simu, maiki zimezimwa, kila mtu na kazi yake. Ukitaka kuanzisha mtaani kwako wawili mnatosha, tafuteni sehemu yenye kivuli na choo karibu, na siku mkishaipanga msiihamishe.