Pumzi Iliyorudishwa

Somo la wiki: Mwanzo 2:7

Wapendwa, katika mstari huu mavumbi yalikwisha kupewa umbo la mtu, lakini hayakuwa nafsi hai mpaka Mungu alipopuliza puani pumzi ya uhai. Kwa miaka 19 niliusoma mstari huo nikiwa na pakiti ya sigara mfukoni. Kanisani nilipenda kukaa benchi la nyuma ili harufu ya koti langu isiwafikie wengine, na tulipoimba tenzi nililazimika kukata mstari katikati nivute pumzi, mahali ambapo hata watoto walipita bila shida.

Nilipoacha, kilichonishangaza ni haraka ya mwili katika kumpokea mtu anayerudi. Dakika 20 tu baada ya sigara ya mwisho, mapigo ya moyo na shinikizo la damu huanza kushuka. Moshi wa sigara una kaboni monoksidi, hewa ya sumu ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, kiasi kwamba mvutaji hushinda kutwa akiwa amebeba mgeni katika nafasi ya mwenyeji. Lakini saa 12 baada ya kuacha, kiwango chake katika damu huwa kimerudi kuwa cha kawaida. Mtu aliyetupa pakiti yake Jumamosi jioni huamka Jumapili damu yake ikiwa imekwisha kuondokewa na sumu hiyo, ilhali yeye mwenyewe angali anajiuliza kama ataweza.

Kuna jambo moja ambalo hakuna aliyenitahadharisha. Njia zetu za hewa zina vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hufagia makohozi na uchafu na kuvipandisha juu, mbali na mapafu. Moshi huvilemaza. Mtu akiacha kuvuta, vinyweleo hivyo huanza kazi tena, na ufagiaji huo huweza kuleta kikohozi. Katika wiki ya pili nilikohoa kuliko nilivyowahi kukohoa nikiwa mvutaji, kila asubuhi nikiinamia sinki na kutema makohozi ya rangi ya kahawia, hata nikakaribia kuamini kwamba sigara ndiyo iliyokuwa ikinilinda. Kumbe nyumba ilikuwa inafagiwa. (Anayekohoa damu, au ambaye kikohozi chake hakiishi, asijifariji kwa maneno yangu; aende kwa daktari.)

Faida nyingine huja polepole. Baada ya mwaka mmoja, hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo huwa karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta, na baada ya miaka 10 hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu nayo hushuka kufikia takriban nusu. Richard Doll na wenzake, waliowafuatilia madaktari wanaume wa Uingereza kwa miaka 50 kuanzia 1951, walikuta kwamba kuacha katika umri wa miaka 30 huongeza takriban miaka 10 ya kuishi, katika umri wa 40 miaka 9, wa 50 miaka 6, na hata aliyeacha akiwa na miaka 60 alipata kama miaka 3. Nikiisoma Yoeli 2:25, juu ya miaka iliyoliwa na nzige, huikumbuka hesabu hiyo. Hata hivyo si kila kitu hurudi: vifuko vya hewa vilivyokwisha kubomoka ndani ya mapafu havijengeki upya, ingawa kuacha hupunguza kasi ya kubomoka kwa vilivyosalia.

Niruhusuni niseme neno kwa ambao hawajawahi kuvuta. Nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache, na anayeikosa hukasirika, hukosa usingizi na kushindwa kutuliza mawazo, hasa katika siku za mwanzo. Niliwahi kuambiwa na mzee mmoja, kwa nia njema, kwamba kinachohitajika ni imani tu. Nikaanguka mara mbili, na mara zote mbili nikaona haya kumrudia. Mara ya tatu nilitumia plasta za nikotini nilizoelekezwa na daktari, nikaomba huku nimezibandika begani, wala sikuona ugomvi wowote kati ya mambo hayo mawili.

Mstari ule wa utenzi sasa naumaliza kwa pumzi moja. Ubeti wa mwisho, wenye sauti ya juu, bado hunishinda.

Tuombe: Ee Mungu uliyetupulizia pumzi, mkumbuke leo yule aliyeficha pakiti chini ya kiti cha gari, anayehesabu dakika ibada iishe. Amina.