Chai Tatu za Kalinzi, Bila Jani la Chai

Kijiweni kwetu Ujiji kahawa ni ya aina moja: nyeusi, chungu, kikombe kidogo, na kashata pembeni. Kwa hiyo jamaa yangu aliponiambia kuna mama huko Kalinzi anayetengeneza chai kwa maganda ya kahawa, nilicheka. Maganda si ndiyo yale tunayomwaga kwenye migomba?

Jumamosi moja ya Juni nikapanda Noah. Pale Mwandiga njia inagawanyika, moja inakwenda Kasulu, nyingine Manyovu, mpakani na Burundi. Tulishika ya Manyovu. Michikichi ikaanza kupungua, gari likakoroma vilimani, na kabla sijajua nilikuwa natafuta sweta. Ziwa Tanganyika lilibaki chini huko, mita 773 juu ya usawa wa bahari. Huku juu ni migomba, maharage na mibuni mpaka mlangoni mwa mtu.

Nilipofika kwa yule mama nilitoa salamu yangu ya Kiha ya kubabaisha, "Mwakeye". Mama akanijibu kwa Kiha kirefu, nikakimbilia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunywa takataka zangu?"

Alinipeleka kwanza kwenye kichanja. Kahawa iliyoiva, nyekundu kabisa, anaiosha kabla ya kuimenya kwa mashine ya mkono. Buni zinakwenda kuvundikwa na kuoshwa kama kawaida, za kuuza. Maganda anayatandaza juani siku hiyo hiyo na kuyageuza kila mara, maana yakilala na unyevu usiku mmoja yanaota ukungu, na hapo ni mbolea kweli. Tena hachanganyi: mibuni ya bondeni inapigwa dawa ya mrututu kwa ajili ya magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, kwa hiyo ya chai anachuma kwenye ile michache iliyo nyuma ya jiko, isiyopigwa dawa.

Kikombe cha kwanza kilikuwa maganda matupu, yaliyomwagiwa maji ya moto na kufunikwa. Rangi ya kahawia yenye wekundu. Nilingoja uchungu, haukuja. Badala yake ukwaju kwa mbali, kisha zabibu kavu, na utamu unaobaki kooni ingawa sukari haikutiwa. Nilinyamaza. Mama alikuwa ananitazama usoni.

Cha pili nilikiomba mwenyewe. Nilimweleza kwamba Yemen wana kinywaji cha maganda haya, wanakiita qishr, nao hutia tangawizi. "Kumbe nina ndugu," akasema, akaponda tangawizi kwenye kinu. Hicho ndicho kilichonipata. Tangawizi inaamsha ule ukwaju, na ubaridi wa Kalinzi ukanitoka mabegani. Niliongezewa mara mbili.

Cha tatu kilikuwa cha majani ya mbuni yenyewe, machanga, yaliyokaushwa kivulini na kupitishwa kwenye kikaango kikavu. Wahabeshi na watu wa Sumatra wanayanywa tangu zamani, na sina ugomvi nao. Mimi niliona nakunywa maji ya kisamvu. Nilimaliza kwa adabu, lakini mama si mtu wa kudanganywa.

"Hicho hata mimi sikipendi. Nakipika kwa sababu wageni wanakiulizia."

Nikamuuliza kahawa yenyewe je, anainywa? Akacheka mpaka akashika meza. Kahawa ni ya kuuza, bwana, inakwenda mnadani na pesa yake inakuja kwa msimu. Maganda ndiyo yanayonunua sabuni katikati.

Alinifungia maganda kwenye mfuko wa karatasi. Jumapili jioni nikampelekea muuza kahawa wetu Ujiji, nikamsimamia jikoni asije akayachemsha saa nzima kama kahawa yake. Akaonja. Akaonja tena, akatazama ndani ya kikombe.

"Huu ni ukwaju wa moto," akasema. "Umebaki kiasi gani?"