Daftari la mwethya lililotupatia ruzuku

Mimi ni karani wa hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi, Eneo la Viwanda hapa Nairobi. Nyumbani ni Mwingi, kaunti ya Kitui. Kwa miaka mingi msaada wangu kwa nyumbani ulikuwa kutuma M-Pesa kila nikipigiwa simu. Mwishoni mwa 2023 nilijaribu njia nyingine, nikakitafutia kikundi cha kijiji chetu ruzuku ya kujikinga na ukame na mafuriko. Mara ya kwanza tulikataliwa. Mara ya pili tukapata, na kilichotubeba kilikuwa mikononi mwetu tangu mwanzo.

Kuanzia mvua za mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano mfululizo ilitunyima. Halafu Novemba 2023 ikaja mvua ya El Niño. Mto wetu, ambao miezi mingi ni mchanga mtupu, ukateremka kwa kishindo. Matuta yakakatika na ndengu zilizokuwa zimeshaota zikafukiwa. Mbegu za akiba zilizowekwa chini ya vitanda zikaoza. Ardhi ilikuwa imelowa vizuri kuliko miaka yote hiyo, na watu hawakuwa na mbegu ya kurudishia. Hilo liliniuma kuliko ukame wenyewe.

Ombi la kwanza niliandika peke yangu, usiku, chumbani kwangu mtaa wa Umoja. Kurasa 12. Nilieleza joto la dunia, nikataja mkutano wa Afrika kuhusu tabianchi uliofanyika jumba la mikutano la KICC, Nairobi, Septemba 2023, nikapanga bajeti kwa bei za dukani kwetu. Jibu lilikuja fupi: jamii yenyewe haionekani. Tena cheti cha kikundi kilikuwa kimepitwa na wakati, maana kwa sheria ya vikundi vya kijamii ya 2022 kinahuishwa kila baada ya miaka miwili, na akaunti ya benki ilikuwa imelala. Cheti na akaunti tulivishughulikia wiki chache tu. Lile la jamii kutoonekana ndilo lililonipeleka nyumbani.

Shangazi yangu ndiye katibu wa kikundi. Nilimsomea ombi lote tukiwa tumeketi uani. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Umeandika vizuri, mwanangu. Sasa mto wetu uko wapi humu ndani?" Kisha akaingia nyumbani akarudi na daftari.

Mwethya, kwa asiyejua, ni kazi ya pamoja ya sisi Wakamba: leo tunalima kwako, wiki ijayo kwangu. Tangu 2017, kila Jumanne, Shangazi alikuwa ameandika nani alifika, shamba la nani, hatua ngapi za matuta ya fanya juu (udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu) zilichimbwa, na aliyekosa alimtuma nani badala yake. Mimi nashinda na vitabu vya hesabu, na sijawahi kuona kitabu kisafi kama kile. Tulihesabu mwaka 2022 peke yake, katikati ya njaa: siku za kazi 1,640. Kwa kibarua cha shilingi 400 kwa siku, hizo ni shilingi 656,000. Wafadhili wengi huuliza jamii itachangia nini, na jasho huhesabiwa, mawe na mchanga pia, mradi kuna maandishi. Nasi tulikuwa tumeyafungia kabatini.

Ombi la pili liliandikwa uani pale. Kina mama walichora misimu ardhini kwa kijiti, wakaonyesha mwezi wa kuuza mbuzi, mwezi wa kufuata maji mbali, na mahali mtoni ambapo ukichimba maji hukawia kukauka. Hapo chini kuna mwamba, na bwawa la mchanga linahitaji mwamba: unajenga ukuta wa zege kukata mto, mafuriko yanaleta mchanga unaojaa nyuma yake, na maji yanajificha ndani ya mchanga jua lisiyafikie. Tukaongeza ghala la mbegu juu ya kilima, ili mafuriko yakirudi watu wapande tena wiki hiyohiyo. Tukafuata pia taarifa za kila mwezi za NDMA, mamlaka ya kukabiliana na ukame: kaunti ikitangazwa iko kwenye tahadhari, mbuzi dhaifu wauzwe kabla bei haijaanguka, na tukaandika ni nani atakayepita nyumba kwa nyumba kutoa habari. Mwisho, kila nyumba shilingi 50 kwa mwezi za kukarabati ukuta. Tuliomba shilingi 1,850,000.

Afisa alikuja Juni 2024. Kabla ya kwenda mtoni aliomba daftari, akalisoma karibu saa nzima. Julai awamu ya kwanza ikaingia.

Sasa risiti. Hapa ndipo nilipochoka. Mfadhili alitaka risiti za eTIMS, mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya ushuru, na mwenye punda anayetuletea maji ya kukorogea zege hana. Niliandika barua mapema, kabla ya kulipa hata senti, tukakubaliana: orodha yenye jina, namba ya kitambulisho, sahihi, na malipo yapite M-Pesa. Hilo lilituokoa. Muuza saruji mmoja alituahidi risiti "kesho" hadi nikapoteza Jumamosi mbili kumfuata, na shilingi 86,000 zikabaki zimezuiliwa kwenye ripoti muda wote huo. Siku hizi pesa haitoki kabla risiti haijaonekana.

Ukuta ulikamilika mwishoni mwa Septemba. Mvua za mwisho wa mwaka huo zilikuwa haba, mto ulishuka mara mbili tu, ukaacha mchanga wa kimo cha goti. Msimu uliofuata ukaongeza. Agosti 2025 Shangazi alinipigia simu akiwa mtoni: wamechimba kina cha mkono na maji yapo. Mwezi kama huo zamani walitembea saa mbili. Ghalani kuna magunia tisa ya ndengu na mtama.

Sasa tunataka bwawa la pili, juu kidogo ya lile la kwanza. Safari hii tunalipeleka kwa kamati ya wadi ya mabadiliko ya tabianchi, kwa sababu chini ya FLLoCA, mpango wa kufadhili miradi ya tabianchi inayoongozwa na wenyeji, pesa hupitia Hazina ya Taifa hadi kaunti, na wananchi wa wadi ndio wanaopanga mradi upi utangulie. Daftari lilinifikia jana kwa gari la Mwingi, limefungwa kwenye leso. Leo usiku nazipiga picha kurasa zote tangu Januari, na kesho linapanda gari la asubuhi. Jumanne kuna mwethya na Shangazi analihitaji.