Uzoefu wangu: kuandaa kipindi cha kaligrafia na mhadhiri mgeni kutoka China

Vipindi vya wahadhiri wageni kutoka China hapa chuoni Dar es Salaam huwa naviandaa mimi, na ombi langu la kwanza kwa mgeni ni apunguze slaidi. Hotuba ya maelfu ya miaka ya ustaarabu hulaza ukumbi. Dakika 10 zinatosha kueleza mitindo mikuu na kutaja kwamba UNESCO iliitambua kaligrafia ya Kichina, yaani sanaa ya kuandika kwa brashi na wino, kuwa urithi mwaka 2009. Dakika 80 zilizobaki ni za mkono.

Mwalimu mmoja wanafunzi 15, wasizidi. Kila mmoja apate brashi ya wastani yenye manyoya mchanganyiko; ya mbuzi matupu ni laini mno, inamlalia anayeanza. Brashi mpya huja imekazwa kwa gundi, kwa hiyo iloweke kwanza kwenye maji ya kawaida. Maji ya moto marufuku, yanalegeza gundi inayoshika manyoya kwenye mpini.

Chini ya karatasi tandika kipande cha blanketi la sufu, la sivyo wino unapenya na karatasi inagandana na meza. Feni zima, au kandamiza karatasi kwa vipande vya marumaru. Wino wa chupa, vijiko 2 vya chai kwa mtu vinatosha. Rangi yake ni masizi. Ukikaukia kwenye shati jeupe hautoki, basi aproni ni lazima.

Karatasi ndiyo inayosumbua. Xuan halisi, karatasi ya jadi ya kaligrafia ya mkoa wa Anhui, iko ya aina mbili: mbichi inayonyonya wino na iliyotiwa shabu isiyonyonya sana. Kwa unyevu wetu wa pwani, mbichi humvimbishia mstari anayeandika polepole. Mazoezi tunafanyia magazeti ya zamani, xuan ni ya kazi ya mwisho tu.

Tunaanza na mstari mlalo: brashi wima, bonyeza, vuta, tua, rudisha ncha ndani. Ukitoka sawa ndipo waende kwenye herufi yong (永), yenye mbinu 8 za msingi. Funga simu juu ya mkono wa mwalimu na uirushe picha kwenye projekta. Maelezo ya mdomo hayafiki popote. Waliosoma madrasa huzoea haraka safu zinazoanzia kulia, ila wanalaza brashi kama kalamu ya mwanzi. Waelekeze mapema waishike wima.

Kila mtu atataka jina lake. Mpe mgeni orodha siku kadhaa kabla, maana herufi huchaguliwa kwa sauti na lazima zisibebe maana mbaya. Mwanaidi au Mwinyimkuu si jina la kubuniwa papo hapo.

Mwishoni, osha brashi kwa maji baridi hadi yatoke meupe, kamua, ning'iniza ncha ikiangalia chini. Kile kifuniko cha plastiki cha brashi ni cha safari tu. Ukikirudisha brashi ikiwa mbichi, kwa joto la Dar, inaota ukungu.